Shimo Lisigande

Januari ya mwaka 2009 ilipoingia na baridi yake, Léocadie alikuwa amechoka tayari. Uchovu wake haukuwa wa siku ile wala wa wiki ile. Ulikuwa wa miaka, kama wa kiatu kinachovaliwa na watu wawili kwa zamu. Alfajiri alisafisha ofisi upande wa London Bridge. Asubuhi watu wengine walipokuwa wakienda kazini, yeye alikuwa akirudi Lewisham kwa treni, amesimama au amelala ameegemea kioo, ili akamwogeshe, amvalishe na kumpikia mzee Douglas. Huyo ndiye aliyekuwa kazi yake ya pili, na chumba alichokaa kilikuwa ndani ya nyumba ya mzee huyo.

Majira yale nilikuwa nimepanga nyumba ya jirani, kati ya safari mbili, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Nilimjua kwanza kwa kikohozi, kisha kwa Kiswahili chake cha Uvira kwenye simu, mwisho kwa jina. Alikuwa ametoka Uvira, pale Ziwa Tanganyika linapokomea kaskazini, vita vilipomfukuza. Aliomba hifadhi, akangoja karatasi mpaka akasahau anangoja nini, na karatasi zikaja. Mwanawe, Exaucé, alikuwa chuoni Leeds. Watu wa kanisa walimwita Mama Exaucé. Douglas alimwita Leo, maana herufi zilizobaki zilimshinda.

Douglas mwenyewe alizaliwa Kanada, kando ya Ziwa Winnipeg, ambako maji huganda miezi mingi mpaka malori yanapita juu yake. Baba yake alikuwa mvuvi wa huko: anatoboa barafu, anateremsha nyavu tunduni, na vita vyake vikubwa si na samaki bali na tundu lenyewe, ambalo kila dakika linataka kujifunga. Douglas aliletwa Uingereza na vita vya Hitla, akaoa Lewisham, akafanya kazi ya reli mpaka kustaafu. Mkewe alichimba bwawa nyuma ya nyumba na kufuga humo samaki wa rangi, wale wanono wenye asili ya Japani. Mke alifariki, samaki wakabaki. Mkubwa wao alikuwa mweupe mwenye baka la chungwa usoni. Léocadie alimpa jina la Mheshimiwa, kwa kuwa alionekana wakati wa kula tu.

Mtu wa nchi za joto hajui haya, kwa hiyo niyaseme. Bwawa dogo likifunikwa lote na barafu, hewa mbaya ya majani yanayooza chini hukosa pa kutokea, na samaki hufa taratibu bila kelele. Lazima pawe na tundu. Si kubwa, upana wa sahani unatosha. Wala huwezi kulipasua kwa nyundo, maana mshindo ule huwapiga samaki walioko chini kama bomu. Kazi yote ni kulifungua kwa upole na kulizuia lisigande tena.

Kuganda. Kiswahili kina neno hilo moja kwa maji, kwa damu, na kwa mafuta ya nyama yaliyosahauliwa kwenye sufuria. Nimepita katika lugha zinazotenganisha mambo hayo kwa uangalifu, na sikuwahi kuona faida yake mpaka wiki ile.

Asubuhi moja Léocadie akiwa bado ofisini kwa watu na mopu yake, Douglas alichukua birika la maji moto akatoka mwenyewe kwenda bwawani. Aliteleza kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Sisi majirani tulimsikia, ambulensi ikaja. Nyonga ilikuwa imepasuka.

Mwana wa Douglas alikuja kutoka Bristol. Alikuwa mtu muungwana, macho mekundu kwa kuendesha gari, na hofu yake ilikuwa ya kweli.

"Daktari anasema atatembea," alimwambia Léocadie jikoni. "Lakini nikimrudisha hapa, na shimo lile lipo, atatoka tena. Wewe unamjua."

"Namjua."

"Atatoka usiku, utamkuta amelala nje amekufa. Heri nyumba ya wazee."

Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa anangoja neno la mwana kabla ya kuandika lake. Léocadie alijua kwamba Douglas akienda nyumba ya wazee nyumba ingeuzwa, na chumba chake kingeuzwa pamoja nayo. Hilo alilijua na hakulisema. Alilofikiria zaidi, aliniambia baadaye, ni kile kituo cha wazee yeye na mwana walichokwenda kukiona, dirisha la chumba likitazama gereji, na mzee aliyezoea kuamka ili aone kitu fulani kama kipo hai. Alimkadiria mwezi mmoja wa kuishi mahali pale.

"Shimo si tatizo," alimjibu. "Miye nalitunza. Linakaa wazi."

Halikuwa likikaa wazi.

Alianza na njia aliyomwona Douglas akiitumia: sufuria ya maji yaliyochemka inawekwa juu ya barafu na kuachwa, nayo inajichimbia taratibu mpaka inatoboa. Tundu lilitoka zuri, la mviringo. Aliporudi kutoka kazini asubuhi iliyofuata lilikuwa na kioo kama cha dirisha. Akatafuta mpira wa zamani wa Exaucé akauweka majini, uelee na kuchezacheza na upepo, maana maji yanayosumbuliwa hayagandi haraka. Siku ya kwanza ulifaa. Ya pili upepo ulikufa na mpira ukashikwa, umesimama pale kama kichwa cha mtu aliyezama mpaka masikioni. Akaumwagia maji moto, akaung'oa, akaacha tundu, akaenda kulala nguo zikiwa mwilini.

Jioni alikuwa akienda hospitali na taarifa, na Douglas alimsikiliza kama jemadari aliyelazwa.

"Umelifunika?" aliuliza.

"Nilifunike na limefungwa?"

"Unalifungua, halafu unalifunika. Leo, kinachogandisha shimo ni mbingu. Baba hakuacha shimo liitazame mbingu hata mara moja. Matawi ya misonobari juu yake, halafu theluji juu ya matawi, koleo tele. Kesho unakuta utando mwembamba unauvunja kwa kidole."

"Lewisham hakuna theluji. Kuko baridi tu."

"Baridi bila theluji," alisema Douglas, "hiyo ndiyo mbaya."

"Na mafuta? Norbert anasema maji yenye mafuta haigandi."

"Wako waliomwaga taa nzima ya mafuta shimoni. Wao walikuwa na ziwa zima chini. Mimi nina bwawa la mke wangu. Ukitia mafuta, wale samaki watakuwa tayari kwa kukaangwa."

Huyo Norbert alikuwa kiongozi wa kikundi chao cha maombi, mtu wa Bukavu, mpakiaji katika bohari moja kule Hayes karibu na uwanja wa ndege. Usiku ule maji yaliganda kuliko siku zote. Alfajiri, kwenye jukwaa la treni, vidole vikimuuma, Léocadie alimwandikia ujumbe: "Ya Douglas imeganda tena. Miye nimechoka. Muniombee."

Norbert aliusoma mchana, akiwa anatoka zamu. Alijua mzee yuko hospitali na nyonga imepasuka, na alikuwa amesikia kwamba wagonjwa wa nyonga huchomwa sindano ili damu isigande. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alimchukua mkewe Noëlla na binti yao Raïssa, akanunua chupa ya mafuta ya zeituni na kuiombea njiani, na wakavuka London nzima mpaka kitandani kwa Douglas, Norbert bado na koti lake la manjano linalong'aa.

Mwana wa Douglas alikuwepo. Walisalimiana kwa heshima. Kisha Norbert akafumba macho, akanyoosha mkono juu ya blanketi, na kuanza kwa sauti ya kawaida ambayo kwa Waingereza ni kubwa.

"Baba, tunakuja mbele yako ju ya mutu wako Douglas. Ile damu yenye imeganda ndani ya muguu, Baba, uiyeyushe. Isifike ku moyo."

"Anasema nini?" mwana alimnong'oneza Raïssa.

Raïssa alizaliwa London. Kiswahili alikielewa chote na hakujibu nacho kamwe. Alimjibu kwa Kiingereza safi kwamba baba anamwomba Mungu ayeyushe donge la damu.

"Donge gani?"

"La jana usiku."

Mwana alikuwa mlangoni akiita nesi kabla Norbert hajasema amina. Douglas, ambaye alikuwa ameisikia sala na tafsiri yake, aliganda yeye. Alilala akiutazama mguu wake kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

Nesi wa zamu alikuwa Margaret, Mkamba wa Kitui, mwanamke mnene mwenye miwani kwenye kamba. Alikuja na faili, akalipekua, akampima mzee mguu kwa mikono miwili, akarudi kwenye faili. Kisha akaligeukia lile koti la manjano.

"Baba, nani amekuambia huyu mzee damu yake imeganda?"

"Mama Exaucé njo ametuma mesaji."

"Mesaji inasema aje?"

Norbert alitoa simu akasoma. "Ya Douglas imeganda tena. Miye nimechoka. Muniombee."

"Ya Douglas. Ya Douglas nini?"

Norbert aliitazama simu, akaigeuza kana kwamba neno lililobaki liko nyuma. "Haisemi."

"Haisemi, na wewe umekuja na mafuta."

Léocadie aliingia wakati huohuo, na mkebe wa supu, akawakuta wote wamemkodolea macho. Margaret aliuliza tena, polepole.

"Mama, hebu tusaidie. Ni nini imeganda?"

"Bwawa," alisema Léocadie. "Ile maji ya samaki."

Noëlla alianza kuhesabu kwa vidole.

"Batu batatu," alisema, "tumetoka Hayes, tumepanda treni, tumeshuka, tumepanda ingine, tumepanda basi. Ju ya samaki?"

"Noëlla," alisema mumewe, "hata Petro alikuwa na samaki."

"Petro alikuwa anavua. Ye huyu anafuga, tena hakuli. Ile kintu ina miaka kumi na tano haijaona sufuria."

Margaret alivua miwani akajifuta machozi ya kicheko. "Mama Exaucé, next time andika bwawa. Herufi tano tu. Nilikuwa karibu kumwita daktari atoke theatre."

Douglas alipofasiriwa alicheka mpaka akashika nyonga. Akasema maadam watu wametoka mbali hivyo, maombi yaendelee, ila wabadilishe mguu kwa bwawa. Lakini mwanawe hakucheka. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda akifikiri.

"Lile neno moja," alimuuliza Raïssa. "Kwenye ujumbe. Baada ya kuganda."

"Tena," alisema Raïssa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto mkweli, akalifasiri.

Mwana alimtazama Léocadie. "Kwa hiyo limekuwa likifunga."

Angeweza kukana. Aliniambia kwamba alitafuta uongo mwingine na hakuupata, kichwa kilikuwa kitupu kama ndoo. "Kila siku," alisema.

"Na kila siku nani analifungua?"

"Miye."

"Ukiwa kazini?"

Wote walikuwa wanajua nani alikwenda na birika akiwa yeye kazini. Mwana alishusha pumzi. Hakuwa amekasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema afisa wa ustawi anakuja nyumbani Ijumaa asubuhi. Yeye mwenyewe atalala pale usiku wa kuamkia Ijumaa. Hakuna atakayetoka na birika wala sufuria. Wakiamka wakute shimo wazi, bila mkono wa mtu, atasema baba arudi nyumbani. Wakikuta limefunga, atatia saini ya nyumba ya wazee, na hapo wasimwombe tena.

"Ni haki," alisema Douglas kutoka kitandani. Alikuwa amezeeka ghafla.

Léocadie alirudi Lewisham kwa miguu, ili afikiri. Kwenye basi angelala. Alipita sokoni wakati wauzaji wakifunga. Kwa muuza samaki masanduku meupe ya foam yalikuwa yamerundikwa kando ya taka, yale yanayoleta sato walioganda kutoka Afrika. Alisimama mbele yao. Kwao Uvira, dada ya mama yake alikuwa akiuza barafu kwa wasafirisha samaki, na siku zote vipande viliwekwa katika sanduku la namna hiyo, jua kali juu yake na barafu haifi. Alijiuliza, polepole kwa sababu ya uchovu: kama sanduku hili linazuia joto lisiingie, linajuaje kwamba ni joto? Linazuia tu. Basi na baridi litaizuia.

"Nipe moja, mwanangu," alimwambia muuza samaki kwa Kiingereza chake.

"Chukua yote, mama, unipunguzie taka."

Alichukua moja. Alilipindua juu ya tundu, akaligandamiza kwa tofali, akaenda kulala bila kuamini. Asubuhi bustani ilikuwa nyeupe kote, na si kwa theluji. Mbweha walikuwa wamekuja. Sanduku lilinuka samaki tangu Tanzania mpaka Lewisham, nao walikuwa wamelitafuna vipande vipande na kuvitawanya hadi kwangu. Tundu lilikuwa limefunga. Nilimkuta akiokota chembe za foam kwenye majani, moja moja, akikohoa.

"Mbweha," alisema. "Kongo nilikimbia batu na bunduki. Huku nasumbuliwa na umbwa ya pori."

Usiku uliofuata ndio ulikuwa wa kuamkia Ijumaa. Alirudi sokoni akachukua sanduku lingine lenye mfuniko. Alilisugua kwa maji ya moto, limau na chumvi mpaka likanuka kama jiko la mtu safi. Akakata dirisha kwenye kitako chake, kubwa kama sahani, akalipanua tundu kwa maji moto, akaliweka humo lielee, mfuniko juu. Matawi aliyapata mtaani. Ilikuwa Januari, na nje ya kila lango Waingereza walikuwa wametupa miti yao ya Krismasi, imelala kwenye lami na nyuzi za fedha bado zimening'inia. Aliikokota miwili. Tukaikata kwa msumeno wa Douglas, tukalifunika sanduku pande zote, na juu ya matawi akatandaza zulia la zamani la ngazi, akaweka matofali. Lilifanana na kaburi la mbwa. Mwana wa Douglas alifika jioni, akalitazama kupitia dirisha la jikoni. Aliomba chai.

Baridi ya usiku ule ilipasua bomba la maji mtaa wa pili. Asubuhi Léocadie hakwenda ofisini. Aliwaambia anaumwa, na haukuwa uongo. Afisa alikuja, msichana mwenye kofia ya sufu, pua nyekundu. Tukatoka sote wanne, hatua ndogo ndogo. Bwawa lilikuwa limekaza kama sakafu. Mwana alisimama mguu mmoja juu ya barafu ya ukingoni akaikanyaga. Haikulia.

"Ondoa," alimwambia Léocadie.

"Ondoa weye," alisema Léocadie. "Usiseme baadaye nimelifungua kwa mkono."

Mwana aliondoa matofali, zulia, matawi. Akafungua mfuniko. Mvuke kidogo ukatoka. Ndani ya sanduku maji yalikuwa meusi na laini, na utando mwembamba pembeni tu, kama wa maziwa. Aliingiza kidole. Kikazama. Alikaa amechuchumaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kidole majini, na chini kabisa kitu cheupe kilijigeuza ubavu, kikaonekana, kikatoweka. Mheshimiwa, na haukuwa wakati wa kula.

"Yuko hai," alisema mwana. Sikujua kama anamwambia afisa au nani. "Mama alimnunua mdogo hivi." Kisha akarudisha mfuniko, na matawi, moja moja, kwa uangalifu, akamgeukia yule msichana. "Andika nyumbani. Ila mlango wa nyuma ufungwe kwa ufunguo mpaka Machi, na ufunguo akae nao Leo."

Douglas aliletwa wiki iliyofuata na wanaume wawili wa ambulensi. Wakamweka kwenye kiti chake jikoni, mkongojo kando. Baridi bado ilikuwapo. Dirishani kulikuwa na lile kaburi la matawi na zulia.

"Simwoni," alisema.

"Hutamwona. Baba yako alifunika shimo, hakuwa anaona samaki."

"Fungua mlango nitazame mara moja tu. Wewe unishike."

"Hapana."

"Leo. Ni nyumba yangu."

"Ni nyumba yako." Alijipapasa mfukoni, akahakikisha ufunguo upo, akautia ndani zaidi. "Na miye nimemwambia mutoto yako nitaufunga. Hukurudi bure, Douglas. Hii njo bei."

Mzee aliutazama mlango, kitasa chake, ngazi iliyokuwa upande wa pili. Kisha akamtazama yeye, aliyesimama katikati ya jiko na koti bado mwilini, macho yamevimba, mkono mfukoni.

"Kwa hiyo wewe ndiye askari jela sasa."

"Miye ni mutu amechoka."

Douglas alisukuma kiti cha pili kwa mkongojo, mpaka kikafika mbele ya magoti yake.

"Basi kaa," alisema.

Akakaa.